Google Docs bila bando: inawezekana

Wengi bado wanaamini kwamba bando likiisha, Google Docs nayo imefungwa. Si kweli, na inaniuma kuona mwanafunzi ameacha kazi yake katikati kwa sababu hiyo tu.

Kwenye simu ya Android, fungua programu ya Docs, gusa vidoti vitatu kando ya faili, kisha chagua lipatikane nje ya mtandao. Nakala inakaa ndani ya simu yenyewe. Unaandika ukiwa kwenye daladala, unafuta, unaongeza aya. Mtandao ukirudi, mabadiliko yanapanda yenyewe.

Kwenye kompyuta tumia kivinjari cha Chrome au Edge, na uiwashe huduma hii katika mipangilio ya Google Drive, hifadhi ya faili zako mtandaoni, ungali na intaneti. Hapo ndipo watu hukwama: wanaikumbuka bando likishakata. Ila usiiwashe kwenye kompyuta ya watu wote, kama ya intaneti kafe, maana nakala zako zitabaki humo.

Miongoni mwa vinavyohitaji mtandao kweli ni historia ya matoleo, ile inayokurudishia aya uliyoifuta jana kwa bahati mbaya.