Tundu la hewa lililogeuka dirisha la mzinga

Wanafunzi tunaowatembeza Kamanga, kando ya Jiwe la Bismarck, wana swali lisilokosekana: Wajerumani walipokuwa hapa Mwanza, mbona hawakuchimba handaki ndani ya mawe? Huwa nawapa msumari. Ukiukwaruza kwenye granaiti yetu ambayo haijachakaa, unaolika ni msumari.

Kwingine ilichimbika. Mwamba wa Gibraltar, eneo la Uingereza linalopakana na Hispania upande wa kusini, ni jiwe la chokaa. Hilo msumari unalichora. Kati ya 1779 na 1783 Wahispania na Wafaransa waliwazingira Waingereza pale. Upande wa kaskazini kulikuwa na kipembe kizuri cha kuweka mzinga, ila hapakuwa na njia ya kukifikia. Sajini Meja Henry Ince akajitolea kukifuata kwa ndani. Tarehe 25 Mei 1782 akaanza na watu 13, wenye nyundo, mitaimbo na baruti. Wiki tano, mita 25 hivi. Hazifiki hata mita moja kwa siku, na hapo wanachimba chokaa!

Kilichowatesa zaidi ni moshi. Wachimbaji wadogo wa Geita hawahitaji kuelezwa: ukishalipua, unasubiri hewa. Watu wa Ince wakatoboa tundu ubavuni wapate kupumua, kuchungulia, wakaona kambi ya adui iko chini yao wazi kabisa. Mzinga ukawekwa hapo hapo, kabla hata kipembe hakijafikiwa. Shida ikawa kulenga chini, maana tufe huviringika likatoka mdomoni. Luteni George Koehler akabuni kigari cha kuuinamisha mzinga bila hilo kutokea.

Katika Vita Kuu ya Pili na baada yake mahandaki yaliongezwa hadi yakafikia kilomita 50 hivi, yote ndani ya eneo lisilofika kilomita za mraba 7. Kutoka mjini hapa, umbali huo unakufikisha Misungwi. Kifusi kilimwagwa baharini kurefusha uwanja wa ndege.

Ukijaliwa kufika, vaa kofia ngumu utakayopewa, usiachane na kiongozi wako, kisha umulike ukuta. Michirizi iliyonyooka ni ya mashine. Mikato inayopindapinda ni ya mikono, na mimi hiyo ndiyo hunichelewesha.

Huku kwetu, "mapango" ya vilimani hayakuchongwa na mtu. Ni nafasi kati ya mawe yaliyopasuka na kumomonyoka taratibu, katika granaiti yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wapasua kokoto wanaujua ugumu wake. Ndiyo maana huliwashia jiwe moto kwanza, litanuke na kupasuka, ndipo wagonge. Watoto wasijibanze humo, hasa mvua zikinyesha, kwani udongo unaoshikilia jiwe ukichukuliwa na maji, jiwe huondoka. Na duara, yaani shimo la wachimba dhahabu, lililoachwa usilishukie kabisa: hewa mbaya hutuama chini, na huko hakuna aliyetoboa tundu.