Eti anasomea ngoma? Maneno ya mtaani kuhusu chuo cha sanaa na ukweli wake

Matokeo ya form four yakitoka tu, kuna mtoto mahali atamwambia mzazi wake anataka kwenda Bagamoyo kusomea ngoma na maigizo, na hapo nyumba nzima inawaka. Maneno yanayosemwaga siku hiyo yananiuma kwa sababu mengi sio kweli, watu wanarithishana tu.

"Huko wanaenda waliofeli."

Hapana. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, kama vyuo vingine vya kati, unaingia na cheti cha form four chenye ufaulu, unaanza ngazi ya cheti ndo unapanda mpaka diploma, na mitihani ya kuandika ipo. Halafu hii sanaa ina maprofesa jamani. Penina Mlama alisomesha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa profesa, baadaye akaongoza FAWE, shirika linalopigania elimu ya wasichana Afrika. Huyo naye alifeli?

"Kucheza mtu anazaliwa nako, unasomea nini?"

Hii ndo inayonikera kuliko zote. Sawa, mtoto wa Kisukuma aliyekulia kijijini bugobogobo anaijua, lakini mpeleke chuoni aambiwe acheze sindimba ya Wamakonde, magoti yamekunjwa, kiuno kinafanya kazi, kifua kimetulia, halafu kesho yake lizombe ya Wangoni, uone kama hajaanza moja. Mwili unafundishwa upya. Na yule Mmakonde wa Mtwara naye anapewa jembe la bugobogobo, alirushe hewani alidake na hatua isipotee, na hachezi tu kwa sababu inapendeza, anatakiwa ajue kwamba ngoma ile imetoka shambani, watu walikuwa wanalima pamoja na mdundo ndo unawapa mwendo, kwa hiyo ukilishika lile jembe kama pambo mwalimu anakusimamisha hapo hapo.

Tena wanaosema mwanamke hapigi ngoma waende Dodoma wakaangalie muheme ya Wagogo, wapigaji ni wanawake, ngoma wamezibana katikati ya mapaja na wanapiga huku wanaimba. Hapo bado hujajifunza kuwamba ngozi, kuipasha ngoma juani au kwenye moto ikilegea, kutoa sauti imfikie aliyekaa nyuma kabisa bila maiki. Pumzi peke yake ni somo zima, yaani unacheza dakika kumi halafu unatakiwa useme maneno yako ya igizo yasikike yote, bila kuhema.

"Chuo chenyewe kidogo, kina nini?"

Kina watu. Kilianza 1981 baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo kufungwa, na wasanii wa vile vikundi wakawa walimu, wakiwemo wa sarakasi, fani ambayo vijana wetu walipelekwa mpaka China kuisomea miaka ya 1960. Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyezunguka dunia na zeze lake la nyuzi na ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, aliishi na kufanya sanaa hapo hapo Bagamoyo mpaka alipofariki 2003. Na udogo wenyewe una faida, kwa sababu onyesho likiandaliwa hakuna wa kukaa pembeni, leo umecheza, kesho unapanga taa, keshokutwa unashona maleba, yaani nguo za jukwaani, au unawaongoza wenzako. Kwenye chuo kikubwa unaweza ukamaliza hujawahi kushika taa ya jukwaa.

"Binti ataharibika."

Hofu ya mzazi naielewa na siidharau. Ila mazoezi ya ngoma ni jasho na nidhamu, ukichelewa umeharibia kundi zima. Ulizia hosteli ikoje, nani anasimamia, mazoezi ya usiku yanaisha saa ngapi, hayo ndo maswali ya kuuliza chuo chochote, hata cha uhasibu.

"Mwisho wake ni bongo muvi au kijiweni."

Kuna kazi nyingi ambazo watu hawazioni kwa sababu hazipo kwenye TV. Mwaka 1982 na 1983 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walienda kijiji cha Malya, kule Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakatengeneza nao ngoma na maigizo kuhusu matatizo ya vijana, pamoja na wasichana kupata mimba wakiwa shule, na onyesho likiisha watu wanabaki kujadili. Kazi ya namna hiyo bado ipo, mashirika ya afya na ya mazingira yanatafuta watu wanaoiweza. Wengine wanafundisha mashuleni, wengine wanaigiza redioni, wengine wana vikundi vinavyopiga hotelini Zanzibar.

Ila nisimdanganye mtu, hela yake haiji kila tarehe 30 kama mshahara, na wengi wanaolizwa wanalizwa na makubaliano ya mdomo. Kwa hiyo ukimaliza chuo, sajili kikundi BASATA, baraza la sanaa la taifa, kazi uliyotunga mwenyewe ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kabla hujapanda jukwaani bei iwe imeandikwa na kusainiwa, nauli na chakula vikae pembeni, visikatwe kwenye malipo ya onyesho.