Je, wajua? Sumu ya tanuri la taka huzaliwa moshi unapopoa

Nyuma ya kituo kimoja cha afya mjini Arua kulikuwa na tanuri la matofali la kuchomea sindano, bandeji na mirija ya dripu. Siku moja nilimuuliza mzee aliyelichochea, "Mzee, mbona leo hakuna moshi?" Akanijibu, "Moto ukikolea, mwanangu, moshi hauna kazi." Nikaondoka nikiamini kwamba moshi usipoonekana, sumu nayo imeteketea.

Nilikosea, ingawa si kwa yote. Moshi mweusi kweli ni dalili ya moto mbovu, na moto mkali kweli huvunja dioksini, ile sumu inayoogopwa zaidi. Tanuri zuri lina vyumba viwili: taka huungua katika cha kwanza, gesi zake huchomwa tena katika cha pili kwa nyuzi 1,100 hivi, kwa sekunde 2 angalau. Nilidhani kazi inaishia hapo.

Kumbe moshi ukishatoka motoni na kushuka kati ya nyuzi 450 na 200, dioksini hujiunda upya. Fikiria uji. Ukiwa unatokota na mwiko unazunguka, huoni utando. Uepue, uuache upoe taratibu, utando huo! Haukuletwa na moto, umeletwa na kupoa. Uji hauna klorini, bila shaka, nayo ni kiungo kimoja cha dioksini; moshi huipata kwenye plastiki ya PVC, kama ya mifuko ya damu. Kiungo cha pili, kaboni, kiko kwenye masizi. Mshenga ni shaba iliyomo katika majivu: huwaunganisha wawili hao, yenyewe ikabaki vilevile, tayari kwa posa nyingine.

Dawa yake ni ya mhunzi: kuuzima moshi ghafla kwa maji, uvuke ukanda ule kabla mshenga hajafungua mdomo. Ndiyo maana kutega joto la moshi ili kuchemshia maji, jambo linaloonekana la busara kabisa, huweza kuongeza dioksini, kwa kuwa moshi hupoa polepole.

Kikomo cha dioksini huko Ulaya ni nanogramu 0.1 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Ila kiasi hicho ni kidogo mno, hata moshi hukusanywa kwa muda wa saa 6 hadi 8 ndipo upimwe. Tanuri la mzee liliwaka kwa muda wa saa mbili tu, kisha likazimwa.