Mshipi wa tandiko: yanayosemwa zizini na ukweli wake

Tandiko huchaguliwa kwa siku kadhaa: litajaribiwa, litarudishwa, litabadilishwa. Mshipi wake, yaani mkanda unaopita chini ya kifua cha farasi kulishikilia tandiko, huchukuliwa wowote ule uliotundikwa ukutani. Nasikitika kuona hivyo, maana vidonda vingi vya nyuma ya kiwiko nilivyowahi kuosha vilianzia kwenye mkanda huo, na karibu kila mara aliyeufunga alikuwa mtu anayempenda farasi wake, ila amelishika neno aliloambiwa na waliomtangulia.

Dhana: "Mshipi ukikazwa sana, tandiko halizunguki."

Tandiko hutulia kwa sababu umbo lake la ndani linaufuata mgongo. Kazi ya mshipi ni kulishikilia pale ambapo tayari limetulia. Lililo pana mno litazunguka hata ukaze mpaka ngozi ilie, na litazidi kuzunguka kila unapopanda ukitokea chini kwa kujining'iniza kwenye kikuku kimoja cha kukanyagia. Kupandia kwenye kigoda kunamsaidia farasi kuliko kuongeza tundu. Kabla ya kufunga chochote, liweke tandiko mgongoni ulitazame: likiyumba mbele na nyuma, au likiegemea upande mmoja, tafuta fundi wa matandiko. Mshipi hautaiponya kasoro hiyo.

Tena kukaza kupita kiasi humgharimu farasi mwenyewe. Watafiti wa Australia waliwakimbiza farasi wa mashindano juu ya mashine ya kukimbilia, wakaona kwamba mshipi ulipokazwa zaidi walichoka mapema. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulipima mgandamizo chini ya mshipi na kukuta kwamba panapobanwa zaidi si katikati ya kidari, kama wengi tulivyodhani, bali nyuma tu ya viwiko, mahali ambapo misuli hujongea kwa kila hatua. Farasi walipovishwa mshipi uliokatwa ili kupisha sehemu hiyo, miguu yao ya mbele ilifika mbali zaidi.

Dhana: "Anajaza upepo kwa ujanja. Mpige goti la tumbo atoe."

Hii inaniuma kuliko zote. Ni kweli kwamba kifua hutanuka na misuli hukakamaa mshipi unapogusa ngozi. Lakini farasi hawezi kubana pumzi kwa muda mrefu, na anayejikaza hivyo anajihami: ama aliwahi kuumizwa, ama anaumia sasa hivi. Nilimtunza farasi jike aliyekuwa akilaza masikio na kugeuka kuuma kila alipouona mshipi. Kwa miezi aliitwa mkorofi. Siku nilipopitisha vidole polepole kwapani mwake nilikuta uvimbe mgumu, mdogo kama punje ya hindi, umefichwa na manyoya. Alipumzishwa, mshipi ukabadilishwa, na ukorofi ukaisha taratibu. Kwa mwingine chanzo huwa ni vidonda vya tumboni, mgongo, au tandiko lenyewe. Hapo aitwe daktari wa mifugo, asiitwe mtu mwenye goti gumu.

Dawa ya kujikaza ni kufunga kwa awamu. Mara ya kwanza kaza kiasi cha kulizuia tandiko lisianguke. Mtembeze hatua kadhaa, ongeza tundu moja kila upande, kisha vuta miguu ya mbele mmoja mmoja kwa upole ili ngozi iliyojikunja chini ya mshipi inyooke. Kagua kabla ya kupanda, na kagua tena baada ya dakika tano hadi kumi za kutembea, kwa kuwa hapo misuli imelegea na tandiko limeshuka kidogo. Haya yote huchukua muda mfupi kuliko kubembeleza farasi aliyekwisha kukataa kufungwa.

Dhana: "Vidole viwili vikipita ubavuni, umefunga sawasawa."

Vidole viwili ni kipimo kizuri, ila ubavuni si mahali pake. Hapo ubavuni pana bonde ambalo mshipi huruka juu yake bila kugusa, kwa hiyo vidole vitapita hata pale kidari kinapobanwa. Pima chini, katikati ya miguu ya mbele. Vipite kwa kubanwa kidogo, visitelee.

Dhana: "Urefu wowote utafaa, mradi bizimu zifike."

Kwa matandiko ya mtindo wa Kiingereza kuna mishipi mirefu, ambayo mara nyingi huwa kati ya sentimita 100 na 140, na mifupi ya matandiko yenye kanda ndefu za kufungia, kati ya sentimita 45 na 85 hivi. Pima tandiko likiwa mgongoni, juu ya kitambaa chake: toka tundu la katikati la upande mmoja, pita chini ya kifua, hadi tundu la katikati la upande wa pili. Hivyo unabakiwa na matundu juu na chini, kwa sababu mshipi mpya hutanuka na farasi hunenepa na kukonda. Kwenye mshipi mfupi angalia bizimu zisikae usawa wa kiwiko, maana zitamsugua kila anapokunja mguu. Bizimu za pande zote mbili zikae kwenye kimo kimoja.

Nawasikia pia wanaosema mshipi ukae kiganja kimoja nyuma ya kiwiko, kisha wanalisogeza tandiko ili lifuate kiganja. Mwili haukubali. Mshipi utateleza wenyewe hadi sehemu nyembamba zaidi ya kifua, na tandiko utalivuta pamoja nao. Farasi ambaye sehemu hiyo iko mbele sana anahitaji mshipi uliopinda, unaoliacha tandiko mahali pake.

Kuhusu mpira wa kuvutika kwenye ncha za mshipi: watu huamini unamfanya farasi apumue vizuri. Ukiwekwa upande mmoja tu, mvutano hauwi sawa. Ukiwa pande zote mbili unafaa, lakini unamrahisishia mfungaji kukaza kupita kiasi bila kujua, na huchakaa upesi.

Manyoya ya kondoo nayo hayatibu mshipi usiolingana. Hupunguza msuguano, hivyo ni mazuri kwa mwenye ngozi laini, lakini hunasa miba na jasho, na yakigandamana huwa magumu kama kamba. Mshipi wowote uoshwe au ufutwe kila baada ya kazi. Usiazimane: choa husafiri kwa mishipi.

Chini ya ubawa wa tandiko mara nyingi utakuta kanda tatu za kufungia. "Chukua zozote mbili" ni ushauri wa hatari. Funua uone zilivyoshonwa, kwa kuwa mbili kati yake kwa kawaida hushiriki utepe mmoja. Chagua mbili zilizoshonewa tepe tofauti, ili utepe mmoja ukikatika mwingine ushike. Ukiwa hapo hapo kunja ngozi karibu na matundu: ukiona nyufa, au uzi unaofumuka, usipande siku hiyo.

Tandiko likiwa na mishipi miwili, wa mbele na wa nyuma, wa mbele hufungwa kwanza na kufunguliwa mwisho. Ukisahau mpangilio huo na farasi akashtuka, tandiko litaning'inia chini ya tumbo kwa mshipi wa nyuma peke yake, naye atalipiga mateke akikimbia.