Taipolojia ya Lugha ni Nini? Kiswidi na Kimaori Katika Mizani Moja

Tatu kwa Kiswidi ni tre, na kwa Kimaori ni toru. Ukiyaweka maneno hayo mawili kando ya tatu yetu, unaweza kudhani kwamba yametoka tumbo moja, kwa kuwa yote yanaanza kwa t na yanataja idadi ileile. Huo ndio mtego wa kwanza unaomngoja kila anayelinganisha lugha. Wanaisimu wanaukwepa kwa kutenganisha maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya: lugha hizi zina nasaba gani, na lugha hizi zimejengwaje? Swali la pili, ambalo halijali kabisa nani kazaliwa na nani, ndilo linaloitwa taipolojia ya lugha.

Katika nasaba, Kiswidi na Kimaori hawajuani. Kiswidi ni cha tawi la kaskazini la lugha za Kigermaniki, pamoja na Kidenishi na Kinorwe, ndani ya familia kubwa ya Kihindi-Kiulaya, na ndiyo maana tre yake inafanana na tri ya Kirusi. Kimaori, lugha ya wenyeji wa Nyuzilandi, ni cha tawi la Kipolinesia katika familia ya Kiaustronesia, ambayo imefika hadi ng'ambo ya pwani yetu, kwani Kimalagasi cha Madagaska ni ndugu yake. Mbili kwa Kimalagasi ni roa na kwa Kimaori ni rua; nne ni efatra na whā; saba ni fito na whitu. Tazama kwamba penye f ya Kimalagasi, Kimaori kina wh, tena zaidi ya mara moja. Udugu wa lugha huthibitishwa na ulinganifu wa sauti unaojirudia kwa utaratibu kama huo, wala si kwa neno moja lililofanana na jingine. Tre, toru na tatu zimekutana kwa bahati tu.

Kuna pia kufanana kwa kuazima. Kahawa kwa Kiswidi ni kaffe na kwa Kimaori ni kawhe, na asili ya yote matatu ni Kiarabu: sisi tulilipata neno kutoka kwa Waarabu wenyewe, Waswidi wakalipata kupitia lugha nyingine za Ulaya, na Wamaori wakalipokea kwa Waingereza. Neno la aina hiyo hutueleza habari za biashara na meli, lakini halisemi lolote kuhusu nasaba wala kuhusu muundo.

Tukishayaondoa hayo yote, taipolojia inaanza kazi. Katika sauti, lugha hizi mbili zimesimama karibu katika ncha mbili. Kimaori kina konsonanti kumi tu na irabu tano, fupi na ndefu, na kila silabi yake huishia kwa irabu. Msomaji wa Kiswahili hulisoma jina la mji wa Rotorua bila kufundishwa (maana yake ni ziwa la pili, na rua ni ileile tuliyoiona hapo juu), na ng ya Kimaori hutamkwa kama ng' katika ng'ombe. Kiswidi kina herufi tisa za irabu na kinarundika konsonanti bila huruma: katika neno skälmskt, lenye maana ya kwa utundu, zinafuatana tano mwishoni. Neno la Kiingereza la kituo cha treni linapima vizuri tofauti hiyo. Kiswidi kina station, sisi tuliliingiza kama stesheni tukaivumilia st, ilhali Kimaori, kisichoruhusu konsonanti mbili kufuatana, kililifanya teihana. Kiswidi kina pia lafudhi ya kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakoweza kubadili maana ya neno: anden ikitamkwa kwa namna moja ni yule bata, na kwa namna nyingine ni ile roho, ingawa Waswidi wa Ufini kwa kawaida hawaitofautishi.

Katika sentensi, Kimaori hutanguliza kitenzi, kisha kiima, kisha yambwa, mpangilio ambao lugha chache duniani zinao. Kiswidi hukidai kitenzi kikae nafasi ya pili. Jag dricker kaffe ni ninakunywa kahawa; lakini ukianza na idag, yaani leo, huna budi kusema idag dricker jag kaffe, na kiima kirudi nyuma ya kitenzi.

Kitenzi chenyewe, hata hivyo, kina jambo la kushangaza kwetu tuliozoea kukivika viambishi. Tunaposema ninasoma, unasoma na tunasoma, Mswidi anasema jag läser, du läser, vi läser, na Mmaori anasema kei te pānui au, kei te pānui koe, kei te pānui tātou. Umbo la kitenzi halitikisiki; nafsi inajulikana kwa kiwakilishi pekee. Hapa lugha mbili zisizo na undugu zimefanana kwa ujenzi, na Kiswahili ndicho kilichobaki peke yake.

Ni katika viwakilishi, kwa maoni yangu, ndipo ulinganisho huu unapolipa zaidi. Vi ya Kiswidi ni kama sisi yetu: haisemi ni wangapi, wala haisemi kama unayeambiwa umo. Mtu akikuambia tutakula saa mbili, unaweza kubaki mlangoni hujui kama umealikwa. Kimaori hakikuachi katika mashaka hayo, kwa sababu kina sisi nne: tāua ni mimi na wewe, māua ni mimi na mwingine bila wewe, tātou ni sisi wengi pamoja nawe, na mātou ni sisi wengi wewe ukiwa nje. Kwa upande mwingine, Kiswidi hutenganisha han wa kiume na hon wa kike, ilhali ia ya Kimaori, kama yeye yetu, haibagui.

Umiliki nao una undani wake. Kiswidi kina min na mitt kwa wangu na changu, na uchaguzi hufuata jinsi ya kisarufi ya nomino, karibu na mwenendo wa ngeli zetu. Kimaori huangalia uhusiano wa mwenye kumiliki na kinachomilikiwa: mtoto wangu ni tāku tamaiti, kwa kuwa namlea na kumwongoza, lakini mzazi wangu ni tōku matua, na nyumba yangu ni tōku whare. Vyombo vya kusafiria viko upande wa ō, yaani wa tōku badala ya tāku, kwa hiyo gari lilipofika Nyuzilandi na jina lake la Kiingereza likageuzwa motokā, mwenzake wa motokaa yetu, liliingia moja kwa moja upande huo: tōku motokā.