Mgombea wa nje ya mfumo: maneno yasiyotaja itikadi

Kila Marekani inapokaribia uchaguzi, habari hujaa maneno "mgombea wa nje ya mfumo". Msomaji wa Tanzania, ambako suala la mgombea binafsi limefikishwa mpaka mahakamani, anaweza kudhani kwamba ni jambo lile lile. Mgombea binafsi ni hadhi ya kisheria, yaani mtu anayesimama bila kudhaminiwa na chama chochote. Mgombea wa nje ya mfumo anaweza kuwa na chama, tena kikubwa, lakini anajinadi kuwa hakutoka miongoni mwa vigogo wa Washington na hana deni kwao. Maneno hayo humweleza msikilizaji mahali alipo mgombea. Kuhusu anachoamini hayasemi lolote, na hapo ndipo wachambuzi wengi wanapojikwaa.

Chukua mfano wa watu wawili ambao hakuna aliyewahi kuwaweka kundi moja. Mwaka 1968 George Wallace, aliyekuwa amewahi kuwa gavana wa Alabama, aliwania urais akidai kwamba baina ya vyama vikuu viwili, Democratic na Republican, hakuna tofauti hata ya senti kumi. Miaka 32 baadaye Ralph Nader, mwanasheria aliyejenga jina kwa kuyabana makampuni ya magari kuhusu usalama wa wateja, aligombea kwa tiketi ya chama cha Kijani akisema maneno yanayokaribiana sana na hayo. Wallace ndiye aliyesimama mlangoni pa Chuo Kikuu cha Alabama mwezi Juni 1963 ili kuwazuia wanafunzi wawili weusi wasiandikishwe. Kwake yeye, mfumo ulikuwa majaji na maofisa wa serikali kuu waliowalazimisha watu wa Kusini kuacha ubaguzi wa rangi. Kwa Nader, mfumo ulikuwa makampuni makubwa yaliyovinunua vyama vyote viwili kwa michango ya kampeni. Lawama ni moja, wanaolaumiwa ni wawili tofauti kabisa.

Kwa hiyo anayetaka kulinganisha itikadi za wagombea wa aina hii na aache kuuliza nani anaupinga mfumo, kwa sababu wote wanaupinga. Na aulize ni nani anayehesabiwa kuwa mwananchi aliyeonewa, nani anatajwa kuwa mwonevu, na serikali itatumiwa kufanya nini baada ya ushindi.

Ross Perot ndiye anayeyapa maswali hayo kazi ngumu zaidi. Bilionea huyo wa Texas aligombea mwaka 1992 bila chama, na mwezi Oktoba alinunua nusu saa nzima ya televisheni, akakaa mezani na chati zake na fimbo ya kuonyeshea, akawaeleza Wamarekani jinsi deni la taifa lilivyopanda hadi dola trilioni 4. Hapakuwa na muziki wala bendera zinazopepea. Ilikuwa kama mwalimu wa hesabu mbele ya darasa la kidato cha pili, na mamilioni ya watu walitazama. Alitaka kodi ya petroli ipandishwe kwa senti 50 katika miaka mitano, jambo ambalo mwanasiasa mzoefu asingethubutu kulitamka. Aliupinga NAFTA, mkataba wa biashara wa Marekani, Kanada na Mexico, akionya kwamba ajira zingevutwa kwenda Mexico, na katika suala la utoaji mimba aliachia wanawake uamuzi wao. Ukimtafutia mrengo wa kulia au wa kushoto utachoka. Mwonevu wake alikuwa uzembe: wanasiasa waliokopa kwa jina la wajukuu zao.

Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za wananchi na hakupata hata mjumbe mmoja wa uchaguzi, yaani wale wanaotoka kila jimbo na ambao kura zao ndizo zinazomchagua rais. Wallace, kwa asilimia 13.5 tu, alipata wajumbe 46. Karibu kila jimbo humpa mshindi wajumbe wake wote, hivyo kura za Wallace, zilizorundikana Kusini, zilimpa majimbo matano, ilhali zile za Perot zilitapakaa nchi nzima na kupotea. Nader naye alipata kura zaidi ya 97,000 Florida mwaka 2000, katika jimbo lililoamuliwa kwa kura 537, na wafuasi wengi wa Democratic, wanaoamini kwamba kura hizo zilimnyima mgombea wao ushindi, hawajamsamehe mpaka leo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowafanya wa nje wa baadaye wapitie mlango wa ndani. Tangu mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kura za mchujo, zinazopigwa na wapiga kura wa kawaida, ndizo zinazoamua mgombea wa chama, wala si tena wazee wanaokutana chumbani, kwa hiyo mgeni anaweza kukiteka chama bila idhini ya viongozi wake. Mwaka 2016 Bernie Sanders alijaribu hivyo kwa Democratic akashindwa. Donald Trump akafaulu kwa Republican. Wote wawili waliukataa mkataba wa biashara wa nchi za Pasifiki, na kwa sikio la mfanyakazi wa kiwanda kilichofungwa walisikika kama ndugu. Sanders alisema utajiri umenyakuliwa na asilimia moja ya watu walio matajiri kuliko wote, na dawa yake ilikuwa bima ya afya ya serikali kwa wote na vyuo vya umma visivyo na ada. Trump aliwataja wahamiaji, nchi zinazoifanyia Marekani ujanja wa kibiashara na viongozi wasiojua kupatana bei, na dawa yake ikawa ukuta, ushuru na kupunguza kodi.

Tena, kwa wasifu, Sanders hakuwa mgeni hata kidogo: alikuwa amekaa bungeni tangu 1991. Ugeni wake ulikuwa wa mawazo, kwani alijiita msoshalisti katika nchi ambako neno hilo lilikuwa karibu tusi. Trump hakuwa amewahi kushika wadhifa wowote wa umma kabla ya hapo, ila alikuwa amezoeana na wanasiasa kwa miongo, na mwishoni mwa 1999 alipima uwezekano wa kugombea kupitia chama cha Reform, kile kile alichokianzisha Perot, kabla ya kujitoa Februari 2000. Mwaka 2020 alirudi kwa wapiga kura akiwa rais aliyeko madarakani, na bado aliendelea kujinadi kuwa ni mtu wa nje.