Kuwasomesha vijana wa Kichina habari za Kiingereza: ufafanuzi kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoifanya kazi hiyo

Katika wiki zinazotangulia mwezi Juni, ambapo wanafunzi wanaomaliza sekondari nchini China hufanya mtihani wa kuingia vyuo vikuu unaoitwa gaokao, kitengo chetu cha ushauri wa ufundishaji wa lugha hupokea maswali mengi kuliko wakati mwingine wowote. Mara hii maswali yamegeuka malalamiko. Wazazi wanasema watoto wao wamesomeshwa habari za Kiingereza kwa miezi kadhaa na hakuna kilichobadilika. Vijana wetu wa Afrika Mashariki walioko vyuoni Wuhan, Guangzhou, Nanjing na kwingineko, ambao mara nyingi ndio huombwa kuketi na watoto hao, nao wanasema mtoto hapendi kusoma. Hatuna shaka na nia njema ya pande zote mbili. Kwa tathmini yetu, kasoro imo katika namna habari zinavyochaguliwa na kusomwa, na makala haya yanalieleza jambo hilo pamoja na masharti ya kisheria ambayo ni lazima yatimizwe kwanza.

Imani iliyoenea, ambayo tumeikanusha mara nyingi na bado inarudi, ni kwamba gazeti likiwa gumu zaidi ndipo mtoto anapojifunza zaidi. Mtaala wa China unamtaka mwanafunzi anayemaliza darasa la tisa awe na takriban maneno 1,600 ya Kiingereza, na anayekwenda kufanya gaokao awe na takriban 3,000; kule Taiwan, orodha ya rejea ya mtihani wa kuingia vyuo vikuu ina maneno yapatayo 6,000. Mtaalamu wa msamiati Paul Nation, wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington nchini New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji familia za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) kati ya 8,000 na 9,000 ili asome gazeti la kawaida huku akiyajua maneno 98 katika kila 100. Mtoto wa miaka 15 anapopewa gazeti la uchumi la watu wazima kwa sababu tu baba yake amesikia kuwa ni zuri, mtoto huyo hasomi, bali anafukua kamusi, na baada ya aya mbili huwa amekwisha kusahau habari ilihusu nini. Yapo magazeti yaliyoandikwa kwa ajili ya umri wake: 21st Century, linalotolewa na China Daily tangu mwaka 1993, lina matoleo ya ngazi mbalimbali za shule, Hong Kong ina Young Post ya South China Morning Post, na Taipei Times la Taiwan huwa na kurasa za lugha mbili. Kuanzia huko si aibu kwa mtoto wala kwa mwalimu.

La pili, na ndilo tunalolitilia mkazo kuliko yote, ni kufuata habari moja kwa siku nyingi badala ya kurukia habari mpya kila kipindi. Habari mpya huja na msamiati wake mpya, lakini habari inayoendelea hurudia maneno yake yale yale hadi yanazoeleka bila kukaririwa. Chukua safari ya chombo cha anga cha China kiitwacho Chang'e-6, kilichorushwa tarehe 3 Mei 2024, kikatua Mwezini tarehe 2 Juni, na kurejea Mongolia ya Ndani, kaskazini mwa China, tarehe 25 Juni kikiwa na gramu 1,935.3 za udongo na mawe. Mtoto aliyeisoma habari hiyo mara sita katika wiki hizo saba alikutana na maneno ya kurusha, kutua, sampuli na kapsuli mara nyingi kuliko ambavyo kitabu chochote cha mazoezi kingemkutanisha nayo.

Habari hiyo hiyo ndiyo iliyonionyesha kosa linalofanywa na walimu wengi. Nilihudhuria kipindi kimoja nyumbani kwa familia iliyotuomba ushauri. Binti wa miaka 15 alifika kwenye maneno "far side of the Moon", akatafuta neno la kwanza akapata "mbali", akatafuta la pili akapata "upande", akayaandika yote mawili kwa Kichina kwa penseli juu ya mstari, kisha akauliza: mbali na nini? Mwalimu, kijana mwema aliyejiandaa vizuri, akamjibu kwamba ni upande wa giza. Hilo si sahihi, kwa kuwa upande ule hupata jua kama huu mwingine, ila tu hauelekei duniani hata siku moja. Lakini kosa kubwa lilikuwa jingine. Binti yule alikwisha kuisikia habari hiyo kwa Kichina, na kwa Kichina upande huo huitwa beimian, yaani upande wa mgongo. Angeulizwa kabla ya kusoma anajua nini kuhusu Chang'e-6, neno hilo lingemtoka mwenyewe, na maneno ya Kiingereza yangefunguka bila kamusi. Dakika tano za kuzungumzia habari kwa lugha anayoijua mtoto, hata kama mwalimu anakijua Kichina kidogo tu, hazipotezi muda wa Kiingereza. Wazazi wanaodai kwamba Kichina kisisikike kabisa katika kipindi waelezwe hivyo kwa upole, na wakirudia kudai waelezwe tena.

Majina na tarakimu huwakwamisha watoto hawa kuliko sarufi, na ni walimu wachache wanaoliona hilo. Majina ya kigeni katika Kichina hugeuzwa kwa sauti, na hayageuzwi kwa namna moja kila mahali: Trump ni Telangpu China bara, lakini Taiwan ni Chuanpu, nchi ya Tanzania ni Tansangniya upande mmoja na Tanshangniya upande wa pili. Mtoto anayemfahamu vizuri mtu au nchi inayotajwa anaweza kusoma habari nzima akidhani inamhusu mtu asiyemjua. Majina yasomwe kwa sauti kabla ya jambo jingine lolote. Kwa upande wa tarakimu, Kichina huhesabu kwa wan, ambayo ni elfu kumi, na yi, ambayo ni milioni mia moja, kwa hiyo watu 230,000 waliohamishwa kwa sababu ya kimbunga ni wan 23 kichwani mwa mtoto, na watu bilioni 1.4 ni yi 14. Sisi tunaosema "laki mbili na thelathini elfu" tunajua maana ya kubeba kipimo ambacho Kiingereza hakina, na tunapaswa kuwa wavumilivu mtoto anapokosea sifuri moja.

Katika sarufi, mzungumzaji wa Kiswahili ana faida ambayo sijaona ikitumiwa ipasavyo. Vichwa vya habari vya Kiingereza hutumia kitenzi cha wakati uliopo kwa jambo lililokwisha kutokea, na magazeti yetu hufanya vivyo hivyo: "Basi laua kumi", "Serikali yapiga marufuku", ilhali hakuna anayedhani kwamba basi bado linaendelea kuua. Aya ya kwanza ya habari ya Kiingereza mara nyingi hutangaza tukio kwa hali timilifu, kisha aya zinazofuata huhamia wakati uliopita, kama nasi tunavyosema kwamba kimbunga kimeua watu watatu, kisha tukaeleza kwamba kilitua jana alfajiri. Kichina hakibadilishi kitenzi kwa wakati. Kina kiambishi le kinachoonyesha kuwa tendo limekamilika, na wakati huonekana katika maneno kama jana na kesho. Mwalimu anayeijua tofauti ya -me- na -li- katika lugha yake anaweza kumwonyesha mtoto kwa nini mwandishi alibadilisha, jambo ambalo si rahisi kwa mtu aliyezaliwa na Kiingereza na hajawahi kulifikiria. Kuna pia suala la virejeshi. Sisi husema "samaki niliyemnunua sokoni jana", maelezo yakiwa nyuma ya jina, na Kiingereza kinafanya hivyo hivyo. Kichina huyatanguliza maelezo yote, na samaki huja mwishoni kabisa. Ndiyo maana sentensi ndefu ya gazeti, ambayo kwako ni nyepesi, humvunja mtoto katikati. Mwambie atafute kwanza kitenzi kikuu na mtendaji wake, kisha arudi kwenye maelezo.

Katika mikoa mingi mtihani wa Kiingereza wa gaokao una alama 150 kati ya 750 na huchukua dakika 120, na maswali ya ufahamu hudai wazo kuu, makisio na maana ya neno kutokana na muktadha. Kutafsiri kila neno hakumwandai mtoto kwa lolote kati ya hayo.

Sasa masharti, ambayo tunaomba yasomwe hadi mwisho. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi cha masomo China bara haruhusiwi kufanya kazi ya malipo nje ya chuo mpaka apate ridhaa ya chuo chake, kisha aombe idhini katika ofisi ya uhamiaji ya polisi, akiwa na pasipoti, barua ya chuo na barua ya mahali pa kazi. Idhini huandikwa kwenye kibali chenyewe, ikitaja mahali na muda. Ukihamia mahali pengine, idhini ya awali haikuhusu tena, na muda ukiisha hauongezeki wenyewe. Kwa mujibu wa sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, anayefanya kazi kinyume cha hayo hutozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huongezewa kizuizi cha siku 5 hadi 15. Aliyemwajiri hutozwa yuan 10,000 kwa kila mtu, jumla isizidi 100,000. Na mtu binafsi aliyemtafutia kazi hiyo hutozwa yuan 5,000 kwa kila mtu, jumla isizidi 50,000. Kulipwa taslimu, au kupitia programu ya simu ya WeChat, au kwa chakula na nauli, hakubadilishi hali ya jambo.

Zaidi ya hapo, tangu maelekezo ya serikali ya China ya tarehe 24 Julai 2021, tuisheni ya kibiashara ya masomo ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tisa imezuiwa, Kiingereza kikiwemo, na mashirika hayaruhusiwi kuajiri walimu wa kigeni walioko nje ya China. Walioko Nairobi na Dar es Salaam wanaoahidiwa vipindi vya mtandaoni na mawakala walizingatie hilo. Kanuni za adhabu zilizoanza tarehe 15 Oktoba 2023 zinaruhusu faini inayoweza kufika yuan 100,000. Kuiita tuisheni "klabu ya magazeti" hakuiondoi katika kanuni hizo.

Kuhusu hakimiliki, taarifa tupu ya tukio hailindwi, lakini makala iliyoandikwa hulindwa. Kifungu cha 24 cha sheria ya hakimiliki ya China kinaruhusu kunakili kiasi kidogo kwa ajili ya kufundishia darasani, bila kuchapisha wala kusambaza. Kulituma gazeti zima kila asubuhi katika kundi la wazazi mia mbili ni kusambaza, na tangu tarehe 1 Juni 2021 mahakama inaweza kuamuru fidia ya kati ya yuan 500 na milioni 5 pale ambapo hasara haikadiriki. Tovuti kadhaa za habari za nje hazifunguki China bara. Hatushauri mwalimu amfundishe mtoto njia za kuzifungua, na habari za michezo, sayansi na hali ya hewa zilizo ndani ya magazeti tuliyoyataja zinatosha kwa mwaka mzima.

Anayehitaji ushauri wetu aje na habari tatu za mwisho alizosoma na mtoto, zikiwa na alama za penseli za mtoto mwenyewe, na si nakala safi.